Mkuza wa kwanza: mwongozo kwa mwanaikolojia kijana anayeanza kuhesabu mbega

Kalamu ya wino ndiyo iliyonifundisha utafiti. Siku nne nilipanda na kushuka mteremko wa Mwanihana, upande wa mashariki wa Milima ya Udzungwa, nikiandika kila kundi la mbega nililoliona. Siku ya tano mvua ilitukuta juu, maji yakaingia kwenye begi, na jioni pale Mang'ula nilipofungua daftari sikukuta takwimu, nilikuta mawingu ya buluu. Mzee aliyekuwa akituongoza msituni alitazama zile kurasa, akachomoa penseli fupi nyuma ya sikio na kuniwekea mezani bila kusema neno.

Haya ninayoandika ni kwa yule aliyemaliza Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chuo cha wanyamapori cha Mweka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwingineko, ana cheti na hamu lakini hana mradi, hana gari na hana jina. Ni pia kwa anayetaka kumsaidia kijana wa namna hiyo, na kwake nina maneno mwishoni. Mifano mingi ni ya Udzungwa kwa kuwa ndiko ninakokujua. Anayefanya kazi Jozani, Kakamega au Kibale atabadilisha majina ya wanyama na ya ofisi. Mwendo ni uleule.

Jua kwanza nguvu yako iko wapi

Hutamshinda mtafiti aliyekuja na maabara ya vinasaba na helikopta. Ulicho nacho ni kukaa. Mwaka 1975 watu wanne wa kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe walitekwa na waasi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire. Waliachiwa baadaye, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, watu wa vijiji vya kandokando ya ziwa. Wao ndio walioendelea kuwafuata sokwe na kujaza fomu, asubuhi hadi jioni. Rekodi ya Gombe iliyoanza mwaka 1960 ingekuwa na shimo kubwa katikati kama si wao.

Kwa hiyo utafiti wako wa kwanza upime kwa swali hili: je, nitaweza kuurudia mwakani na mwaka wa tatu kwa fedha kidogo? Kama jibu ni hapana, punguza.

Hatua ya kwanza: swali dogo linalouma

Vijana wengi huniletea maandiko ya utafiti yenye kichwa kama "Mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika ikolojia ya jamii ya nyani Afrika Mashariki". Hilo si swali, ni maisha ya watu kumi. Swali la mkuza wa kwanza, yaani mstari wa kwanza utakaoutembea msituni ukihesabu, linafanana na hili: katika msitu huu, makundi ya mbega mwekundu yanaonekana mara ngapi kwa kila kilomita, na idadi hiyo inatofautianaje kati ya upande unaolindwa na upande unaokatwa kuni?

Udzungwa imetupa jibu zito kwa maswali madogo ya aina hiyo. Mwanihana iko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1992. Msitu wa Uzungwa Scarp, kusini magharibi katika safu hiyohiyo ya milima, ulikaa miaka mingi bila ulinzi wa maana. Waliopita kwenye mikuza ileile mwaka baada ya mwaka waliona mbega wa Mwanihana wakidumu, huku wale wa Scarp wakipungua vibaya kwa kuwindwa. Mtu mmoja aliyepita mara moja asingeiona tofauti hiyo; angeondoka na picha nzuri tu.

Na swali lenyewe mara nyingi limeshakaa kinywani mwa mtu. Watafiti waliokuwa Mlima Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwasikia Wanyakyusa wakimtaja mnyama wa jamii ya nyani anayeitwa kipunji. Kuna waliodhani ni wa hadithi. Mwaka 2003 akaonekana, mwaka 2004 akaonekana tena Ndundulu huku Udzungwa, na mwaka 2005 sayansi ikamtangaza kuwa mpya. Alikuwa mpya kwa sayansi. Kwa warina asali hakuwa na upya wowote. Mangabe wa Sanje, mwingine wa jamii ya nyani, naye alijulikana kitaalamu mwaka 1979 kwa sababu ya sauti: mtafiti Katherine Homewood alikuwa amewachunguza mangabe wa Mto Tana, Kenya, akasikia Udzungwa mlio ambao haukupaswa kuwa pale. Sikio lililozoea lilifanya kazi kabla ya darubini.

Kabla hujaandika andiko, basi, kaa na watu watatu: mrina asali, mwindaji mstaafu na mama anayekusanya kuni. Beba picha za wanyama, maana majina yatakupoteza. Anayeitwa ngedere kijiji hiki anaitwa kima kijiji cha pili, na tumbili wa huyu ni nyani wa yule. Mwombe mtu akuigizie mlio. Hapo hakuna kukoseana.

Hatua ya pili: vibali, na subira yake

Tanzania Bara, andiko la utafiti wa wanyamapori hupita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kisha unahitaji ruhusa ya mwenye eneo: TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hifadhi ya taifa; TFS, wakala wa huduma za misitu, kwa msitu wa hifadhi ya mazingira asilia. Baada ya hapo barua hushuka kama maji ya mfereji: katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kijiji. Kenya utaanzia NACOSTI, tume ya sayansi, na kuendelea na WRTI na KWS, taasisi ya utafiti na shirika la wanyamapori; Uganda ni UNCST, baraza la sayansi, na UWA, mamlaka ya wanyamapori.

Mimi hutenga miezi minne kwa haya yote, na sijawahi kujuta kuwa na siku za ziada. Toa nakala tano za kila barua. Moja ikae ndani ya mfuko wa plastiki kwenye begi la msituni, kwa sababu askari wa doria atakayekukuta saa mbili asubuhi na panga mkononi hana haja ya kusikia kuwa nakala iko kwenye barua pepe.

Jambo moja linalowakwamisha wengi: kinyesi, nywele au damu. Jamii ya nyani wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo sampuli ya kupeleka nje ya nchi ina vibali vyake vya peke yake. Kama ni utafiti wako wa kwanza, usiguse sampuli. Hesabu.

Barua ya kijiji usiitume kwa mtu. Ipeleke mwenyewe, umwone mwenyekiti, ukae, unywe chai, ueleze unatafuta nini na hasa nini hutafuti. Mtu akidhani wewe ni mpelelezi wa wawindaji, hutapata mwongozaji wala ukweli. Mimi huwa nasema wazi: daftari langu haliandiki jina la mtu yeyote nitakayemkuta msituni. Na kweli haliandiki.

Hatua ya tatu: wiki moja bila daftari

Ruka hatua hii uone. Wiki ya kwanza ingia msituni na mwongozaji wako, usiandike lolote. Jifunze kutofautisha mtikisiko wa tawi la mbega anayeruka na ule wa hondohondo anayetua. Jifunze mlio wa alfajiri wa mbega wa Angola, ule mngurumo unaovuka bonde zima, na vijisauti vya mbega wekundu vinavyofanana na ndege. Ukienda na masikio ya mjini, wiki ya kwanza utaona makundi mawili. Ya pili utaona sita kwenye njia ileile. Yale manne yalikuwapo siku zote. Kama ungeanza kuandika siku ya kwanza, ungetangaza kuwa mbega wameongezeka mara tatu.

Hatua ya nne: kukata mkuza

Mkuza ni mstari ulionyooka unaopita msituni, ambao utautembea tena na tena. Upange kwenye ramani kwanza, usiufuate mto, barabara wala njia ya watalii, kwa kuwa wanyama wa kando ya njia si sampuli ya msitu. Urefu wa kilomita 2 hadi 4 unatosha. Zaidi ya hapo mchana utakukuta katikati, na jamii ya nyani hupumzika jua likiwa kali.

Kata kidogo uwezavyo. Unahitaji nafasi ya kupita bila kelele, si barabara ya matrekta. Na mkuza mpana ni zawadi kwa mwindaji. Dira mkononi, kamba ya mita 50, na kila mita 50 funga utepe au kibati chenye namba. Pima mahali pa kila kibati kwa GPS, kisha usiiamini GPS hiyo chini ya miti minene: soma mara tatu, chukua wastani. Mkuza ukishakatwa uache upumzike wiki moja au mbili, kelele za mapanga zisahaulike.

Kama una uwezo wa mikuza mitatu mifupi, chagua hiyo badala ya mmoja mrefu. Mmoja unakueleza habari za mkuza, mitatu inaanza kukueleza habari za msitu.

Hatua ya tano: kutembea

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapoharibu.

Anza saa 1 asubuhi. Mwendo ni kilomita 1 kwa saa, na huo ni polepole kuliko unavyodhani. Mara ya kwanza utahisi kama unaandamana na kinyonga. Watu wawili, wasizidi watatu. Mmoja anatazama juu, mwingine anatazama kati na chini, nyote mnasimama kila baada ya mita 100 na kusikiliza. Simu zimezimwa sauti. Nguo zisizopiga kelele, maana koti la mvua la nailoni linasikika hadi Kilombero.

Mkiona mnyama, simama ulipo, palepale, kabla ya kusogea. Andika saa, kibati kilicho karibu, aina ya mnyama, kilichokufanya umwone kwanza (sauti, mtikisiko au jicho), na urefu alipo mtini. Pima umbali kutoka ulipo hadi alipo kwa kipima umbali cha leza, na pembe kati ya mkuza na mnyama kwa dira. Kutoka hapo unapata umbali wa pembe mraba, yaani umbali mfupi kabisa kati ya mnyama na mkuza: zidisha umbali ulioupima kwa sin ya pembe, kitufe kipo kwenye kikokotoo. Mnyama akiwa mita 30 na pembe ikiwa nyuzi 30, yuko mita 15 kutoka kwenye mkuza. Amua mapema kama unapima hadi mnyama wa kwanza uliyemwona au hadi katikati ya kundi, kisha usibadilishe kamwe.

Dakika 10 kwa kila kundi, basi. Baada ya hapo endelea, hata kama moyo unataka kukaa. Idadi ya wanyama ndani ya kundi hutaipata vizuri kutoka kwenye mkuza, kwa kuwa kundi la mbega wekundu husambaa na nusu yake imejificha majanini. Tenga siku nyingine za kufuata kundi mojamoja na kulihesabu linapovuka pengo la miti. Mbega na kima wakichanganyika, waandike kama makundi mawili yaliyo pamoja.

Siku ya mvua au ukungu mzito usitembee. Na siku ambayo hukuona chochote, andika. Sufuri ni takwimu; nimeona madaftari ya watu wazima yasiyo na sufuri hata moja, na kila mara najiuliza zilienda wapi.

Usikaribie chini ya mita 10, vaa barakoa ukiwa karibu na sokwe, na ukiwa na mafua baki kambini. Magonjwa yetu ya kifua yameua sokwe Mahale. Kohozi lako linaweza kuwa baya kuliko bunduki.

Komba na ndugu zake wa usiku wanahitaji tochi na utaratibu mwingine. Sokwe huhesabiwa zaidi kwa viota vyao. Kamera za mtego zinamfaa mangabe, ambaye hushuka chini mara kwa mara. Kwa mbega anayeishi juu ya miti, kamera iliyofungwa kwenye shina mita moja kutoka ardhini itakupa picha nyingi sana za panya buku.

Hatua ya sita: hesabu

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mkuza wako ni kilomita 4, umeutembea mara 2 kwa mwezi kwa miezi 12. Jumla ni kilomita 96. Umeona makundi 48 ya mbega mwekundu. Gawanya: kundi 0.5 kwa kila kilomita. Hiki ni kipimo cha kukutana, na kwa mwaka wa kwanza kinatosha kabisa. Usikionee haya.

Ukitaka msongamano, yaani makundi mangapi kwa kilomita ya mraba, ndipo ule umbali wa pembe mraba unapofanya kazi, kupitia programu ya Distance au vifurushi vyake ndani ya R, programu ya takwimu, vyote bure. Lakini njia hiyo inataka makundi 60 hadi 80 yaliyoonekana, kwa kila aina, ndipo mchoro wake uwe wa kuaminika. Ukiwa na 22, sema una 22.

Mwaka wa pili ukipata 0.45 usikimbilie kuandika kuwa mbega wamepungua. Tazama kwanza tofauti kati ya safari na safari. Kama mwezi mmoja ulipata 0.2 na uliofuata 0.9, hiyo 0.45 haijakwambia kitu bado. Hapa ndipo kukaa kunapolipa.

Hatua ya saba: kutunza ulichopata

Penseli, karatasi ngumu, mfuko wa plastiki. Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo kabla ya kula; ukishakula utalala. Ukifika penye mtandao, ingiza kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, au jedwali la kawaida: safu moja, tukio moja, na jina la mwongozaji kwenye kila safu. Jina hilo si adabu tu. Macho ya watu hutofautiana, na siku moja utataka kujua kama badiliko ni la mbega au la mtazamaji.

Mahali pa wanyama adimu usipapandishe mtandaoni kwa usahihi wa GPS.

Hatua ya nane: fedha

Andika bajeti kama mtu anayekwenda kuishi huko: posho ya mwongozaji, nauli ya bodaboda, mchele, maharage, betri, viatu vya mpira vya watu wawili, dawa, vocha. Wafadhili wadogo wanapenda bajeti yenye matope. Rufford Foundation ya Uingereza husaidia wanaoanza katika nchi zetu. Primate Conservation Inc. na International Primatological Society zina ruzuku za jamii ya nyani peke yake. Kozi za uwandani za Tropical Biology Association, ambazo zimefanyika Amani na Kibale, zitakupa mbinu na marafiki, na hao marafiki ndio watakaosoma andiko lako saa sita za usiku.

Wafadhili hutaka wadhamini wa kitaaluma. Usimwombe profesa barua siku tatu kabla ya mwisho. Mtumie andiko mwezi mmoja mapema, pamoja na aya fupi ya mambo unayotaka ayataje, hatachukia, atashukuru.

Hatua ya tisa: kurudisha

Kabla ya jarida, kijiji. Omba nafasi kwenye mkutano, chora grafu moja kwenye karatasi kubwa, sema kwa Kiswahili. Maswali utakayopata hapo ni makali kuliko ya mkaguzi yeyote wa jarida. Mama mmoja aliniuliza kama mbega wangu wamehesabiwa kabla au baada ya matunda ya mikuyu kuiva. Sikuwa nimefikiria, na mwaka uliofuata nikaongeza safu ya matunda kwenye fomu.

Kisha andika waraka mfupi. Jarida la African Primates hupokea ripoti za uwandani, na mkutano wa kisayansi wa TAWIRI wa kila baada ya miaka miwili ni mahali pazuri pa kutetemeka kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Jumuiya ya Waafrika wanaochunguza jamii ya nyani ilikutana Bingerville, Ivory Coast, mwaka 2017 na Entebbe mwaka 2019. Fuatilia matangazo yake.

Kwa anayetaka kumsaidia kijana

Fedha za msimu wa kwanza hupatikana. Zinazokosekana ni za msimu wa pili, pale ambapo hakuna ugunduzi wa kutangaza na mtu anarudia mikuza ileile. Lipia huo. Lipia pia vitu visivyopendeza kwenye ripoti: bima, viatu, miezi miwili ya kukaa mjini akichambua takwimu badala ya kukimbilia kazi ya kuongoza watalii.

Kama kijana ni binti, muulize yeye mwenyewe kambi ikoje: choo, hema lake peke yake, nani anaongozana naye na ni nani aliyemchagua huyo. Nimewaona wazuri wakiacha kazi hii kwa sababu ya mambo hayo, na fomu ya tathmini ikasema "sababu binafsi".

Msomee rasimu, mrekebishie Kiingereza, kisha jina lake likae la kwanza. Na mwongozaji aliyeona nusu ya makundi hayo naye anastahili kuwa mwandishi, si kutajwa chini pamoja na dereva na hali ya hewa.

Siku kijana akihama, kwa ndoa, kazi au masomo, msaidie kukabidhi: ramani ya mikuza, mahali pa kila kibati, fomu tupu, fomu zilizojazwa, namba ya simu ya mwongozaji. Mfuko mmoja wa plastiki unabeba vyote. Weka na penseli mbili.